Baba Laurenti Alute, Mpima Mvua wa Sepuka

Baba, leo mwaka umetimia tangu ulipotuaga hapa nyumbani Sepuka, baada ya kuugua wiki mbili tu. Msimu mzima wa mvua umepita bila wewe.

Ulipima mvua miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi saa tatu ulitoka na daftari, ukamimina maji ya kipimamvua kwenye bilauri yenye alama, ukainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha ukaandika. Hata siku kavu uliandika sifuri. Tulipokucheka ulisema, "Sifuri nayo ni habari."

Hatujasahau mwaka ule wa ukame, watu walipoingia uani na majembe kuking'oa kipimo chako. Walisema unafunga mvua. Aliyetangulia alikuwa jirani yetu Fabiano, ambaye mtama wake ulikuwa umekauka wote. Hukumfokea. Ulimwita jikoni, ukafunua sufuria iliyokuwa ikichemka, ukamwonyesha matone chini ya mfuniko.

"Mvuke umepanda, umekuta ubaridi, umegeuka maji," ulimwambia. "Kule juu ni hivyo hivyo. Ila mwaka huu upepo unaotujia ni mkavu, hauna cha kuangusha. Sasa mimi nafunga nini, ndugu yangu?"

Fabiano aliyatazama yale matone, akauliza, "Basi watoto watakula nini?"

Ulikwenda ghalani ukamgawia nusu ya uwele wetu. Siku ya mazishi, Fabiano alibeba jeneza lako akakataa kupokewa mpaka kaburini.

Mwanao Eliana, huko Singida mjini, akiona wingu bado anashika simu akuulize, "Shikamoo Baba, huko imenyesha?" Halafu anakumbuka. Mama naye, umeme ukimulika, huhesabu kimoyomoyo mpaka ngurumo ifike, ajue mvua iko mbali kiasi gani, kama ulivyomfundisha mlipokuwa wachumba. Juzi alikoma katikati ya hesabu, akasema, "Huyu mtu ameniacha na mazoea yake."

Mwaka huu alizeti imekubali, imechanua mpaka barabarani. Tunatamani ungeiona.

Unakumbukwa na mkeo Felista, wanao Eliana na Benson, wajukuu zako, ndugu, na majirani wote wa Sepuka.

Pumzika, Baba. Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni.