Mwenyekiti wa Vipofu, Mwenye Macho Yake Mawili

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe kwa kukutumia kaseti badala ya barua, sababu yake utaisikia huko mbele. Mimi ni fundi wa kupaka rangi nyumba, kwetu ni huko ziwani lakini nimepanga chumba hapa Nairobi, mtaa wa Gatina, nina miaka thelathini na moja, sijaoa, macho yangu hayana ugonjwa wowote, naona hata inzi akiwa kwenye dari, na mimi ndiye mwenyekiti wa wasomaji vipofu wa maktaba yetu hapa Kawangware.

Usicheke mama. Ilianza mwaka jana, nilikuwa nikipaka dari kule Riruta Satellite, chokaa ikaniingia machoni, nikanunua miwani nyeusi, na siku hiyo hiyo mvua ikanikuta njiani nikaingia maktaba kujikinga, na kwa vile ndani kuna giza na miwani ni nyeusi nikagonga meza, basi mama wa maktaba, Bi Wagaki, akaja akanishika mkono akasema, "Pole baba, kuja huku," akanikalisha mbele ya mashine ya kaseti waliyoletewa vipofu, akanivalisha vile vitu vya masikioni, na kabla sijafungua mdomo kusema naona, kaseti ikaanza kunisomea hadithi ya mwanamke aliyemshtaki mume wake mbele ya mfalme. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Mimi sikusoma, mama, nilichunga ng'ombe za mjomba mpaka nikaota ndevu, herufi naziona kama watu wote lakini haziniambii kitu, na sasa hapa kitabu kinaongea nami, na mwanamke anashinda kesi! Nilitembea mpaka Gatina nikicheka peke yangu, watu wakanipisha njia. Jumatano iliyofuata nikarudi, na miwani yangu, na tangu hapo nimemaliza vitabu kumi na vinne.

Vipofu wenyewe ni saba, na tukimaliza kitabu tunakaa kukijadili kama wabunge, na kati yao kuna Sella, anapokea simu katika ofisi moja mjini, na Sella akicheka mimi husahau nilichotaka kusema. Mwezi wangu wa kwanza tu wakanichagua mwenyekiti. Nilikataa mara tatu, wakasema huyu ana adabu sana, wakapiga makofi. Sasa Jumamosi hii anakuja afisa wa kile chama kilicholeta mashine, analeta karatasi ya kutiwa sahihi, mwenyekiti awe wa kwanza kutia, na kuna fununu kwamba mashine inataka kupelekwa mjini, mahali ambapo watu hawa hawawezi kufika. Nikitia sahihi sijui nimekubali nini. Nikisema ukweli napoteza mashine, marafiki na Sella siku moja. Na kuna Mzee Nalianya, yeye hutoka Kibera kwa miguu na fimbo yake kila Jumatano, akifika ananikuta nimekalia mashine, anangoja, tena ananiambia nisiharakishe. Hilo huniuma sana.

Ijumaa saa kumi, yaani siku inayofuata kipindi chako cha Alhamisi, tunakutana maktaba kujiandaa. Kaseti hii nimeirekodi kwa mashine hiyo hiyo ya maktaba; nijibu kwa redio kwa sababu barua siwezi kuisoma, lakini jina langu usitaje.

Mimi, Mwenyekiti.

*

Mwenyekiti, nimecheka, na mtayarishaji wangu amecheka mpaka akatoka studio, kwa hiyo wacha nikugombeze nikiwa bado na pumzi.

Kutojua kusoma si kosa lako. Hata ile siku ya mvua nakusamehe, uliingizwa kwa mkono. Lakini Jumatano ya pili uliingia kwa miguu yako, na Jumatano zote zilizofuata umekalia zamu ya mzee aliyetembea kutoka Kibera. Kiti kile kilikuwa chake. Ona aibu kidogo, kisha tuendelee, kwa sababu muda ni mfupi.

Sasa kaa chini. Wiki hii nimepata barua nyingine kutoka maktaba hiyo hiyo, imepigwa taipu kurasa tatu bila kosa hata moja, na mwenyewe ameniruhusu niitumie. Ni ya Sella. Anasema wote saba wanajua unaona, tangu wiki ya pili. Ulikuwa unanuka rangi mbichi, naye akajiuliza ni nani Kawangware hii anayempa kipofu ukuta wa kupaka. Halafu siku moja Bi Wagaki akasahau ndoo njiani. Watatu wakaigonga, wewe ukaizunguka vizuri, kisha ukawaambia pole.

Mbona walinyamaza? Anaandika hivi: "Mwaka juzi tuliletewa karatasi, tukaambiwa ni ya shukrani tu, tukatia sahihi. Kumbe tumekubali mashine ifanye kazi siku mbili kwa wiki badala ya sita. Tukaapa kwamba mwenyekiti anayefuata atakuwa mtu wa kutusomea karatasi kabla hatujaigusa." Mwishoni ananiuliza kama ni dhambi kuutumia uongo wa mtu bila kumwambia.

Umeona mlipofika? Wewe unaficha macho ambayo ndiyo yaliyowafanya wakuchague, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba macho hayo hayasomi. Jumamosi watakusogezea karatasi wakitulia kabisa, wakiamini wana msomaji. Ukinyamaza hapo, mashine imekwenda, na ni wewe utakuwa umeipeleka.

Fanya hivi. Kesho waambie ukweli wote, na ule wa kusoma uanze nao, kwa kuwa ndio wasioujua. Jumamosi, afisa akitoa karatasi, mwekeeni ile mashine mbele yake, bonyeza pale ulipobonyeza ukinirekodia mimi, na mwombeni aisome mwenyewe, polepole, neno kwa neno, aanze na jina lake na tarehe. Kaseti ikae kwa Sella. Akikataa kusoma, kunyweni chai mwende nyumbani, hakuna sahihi. Kuanzia hapo kila karatasi inayoingia maktaba hiyo isomwe hivyo, awe mwenyekiti ana macho au hana.

Jumatano, nenda Kibera umchukue Mzee Nalianya mwende pamoja, na mwombe Bi Wagaki avitoe vile vitu vya masikioni ili kitabu kimoja kisikiwe na wote. Uenyekiti urudishe. Na Jumatatu nenda gumbaru, darasa la watu wazima, ukakae na akina mama ujifunze a na be. Utachekwa. Umeshawahi kuchekesha Nairobi nzima, hutakufa.

Nawe Sella, najua unasikiliza: si dhambi kubwa, lakini si usafi. Swali moja tu ungemuuliza, lingewaokoa wote. Na Mwenyekiti, mwanamke anayetaka kumshtaki mwongo haandiki kurasa tatu juu yake. Ukurasa mmoja ungetosha.

Umeniambia nifiche jina, nimelificha. Lakini ndugu yangu, Nairobi ina maktaba ngapi zenye mwenyekiti wa vipofu anayenuka rangi? Mtu anayetaka siri haipeleki redioni. Nadhani ulitaka wasikie, ukakosa tu mdomo wa kuwaambia, nami nimekuazima wangu. Kwa hiyo kesho saa kumi usisimame mlangoni ukijiuliza kama wamesikiliza kipindi. Watakusikia ukisimama. Ingia.