Mtoto Aliyefichwa Balambala

Isli, Nairobi
3 Machi 1966

Kwa Abti Hared,

Asalaam aleikum warahmatullah. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Mimi sijambo, namshukuru Mola, ila nimekonda kidogo. Usianze kumlaumu mama mwenye nyumba. Kosa ni la kitabu.

Bwana Kapadia, wakili ninayempigia taipu, ana kabati la vitabu vya sheria ambavyo hata panya hawavitaki. Katikati yake nimekuta kimoja cha hadithi, cha Kiingereza. Ananiruhusu kukisoma saa ya chakula tu, kisha kinarudi kabatini na ufunguo unarudi mfukoni mwake. Basi sili. Abti, mtoto wa miaka kumi ametekwa nyara mchana kweupe, kutoka nyumba ya tajiri yenye walinzi wawili! Dereva wa nyumba hiyo amekamatwa, na kesi imeanza kabla mtoto hajapatikana. Akionekana na hatia atanyongwa. Naye hasemi neno. Wakili wake anamsihi, hakimu anamkaripia, yeye anatazama mikono yake tu.

Wewe umekuwa mkalimani wa mahakama tangu mimi nikiwa mgongoni. Umewahi kuona mshtakiwa wa namna hiyo? Moyo unanidunda mpaka nakosea kupiga taipu. Ukitaka, nitakuandikia sura kwa sura.

Wasalaam,
Abti yako

*

Garissa
21 Machi 1966

Kwa Abti yangu Lul,

Waaleikum salaam. Kikohozi kipo nami nipo, tunavumiliana. Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa, kama nyingi zinazofika huku tangu hali ya hatari itangazwe. Kijana mmoja wa hao wanaozikagua alinitania kwamba abti amemwandikia abti. Nimweleze nini mtu wa bara, kwamba kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja? Hii yangu naipeleka kwa mkono wa Saado, muuza vitambaa, anayekuja huko na msafara wa malori.

Sasa sikia ulichokifanya. Niliisoma barua yako kibandani kwa Kaltun wa chai, baada ya sala ya alasiri, maana kafyu ikianza kila mtu awe ndani kwake. Nilidhani wenzangu wataguna kidogo, kisha warudi kwenye habari za mifugo iliyochukuliwa. Wallahi, chai ilipoa! Mzee Dekow, ambaye sijawahi kumwona akishangazwa na kitu, alinishika mkono: "Hiyo drefa iabishwe kwa Msahafu! Kwa nini hakuna mtu naabisha yeye?" Nikamwambia ngoja, mzee, kwenye kumwapisha dereva hatujafika.

Ila kuna tatizo. Majina ya Kizungu yanawateleza. Kila mara wananiuliza yupi tajiri na yupi wakili. Wape majina ya kwetu na mahali pa kwetu. Tena usiandike "kitabu kinasema." Wewe mwenyewe wajua kwetu habari hutolewa na mtu kama aliyeiona kwa macho yake, ama haisikilizwi. Toa habari, abti.

Kula lakini. Kitabu hakitakuzika.

Abti yako,
Hared

*

Isli, Nairobi
4 Aprili 1966

Kwa Abti Hared,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, natumai nawe u mzima pamoja na wenzako wote wa kwa Kaltun. Nimekula. Haya, habari ndiyo hii.

Mtoto anaitwa Issack. Mzee Kerrow, tajiri wa ng'ombe, ni baba yake wa kambo. Abdow dereva alimchukua Issack adhuhuri, akamlaza chini ya turubai la lori, akapita vizuizi viwili bila kukaguliwa, kwa sababu askari walikuwa wanakunywa chai. Nyumbani aliacha karatasi yenye neno moja: Msimtafute. Sasa Issack yuko Balambala, upande wa mtoni, kwa kikongwe anayelima mahindi. Hakuna anayejua ila Abdow na huyo kikongwe. Mzee Kerrow analia mbele ya watu, anatoa sadaka misikitini, na kila jioni anauliza kama pametokea fununu. Abdow yuko kizimbani na hata kukohoa hakohoi.

Kwa nini alimchukua? Kwa nini hasemi? Bado sijajua, na roho iko juu juu. Nikipata zaidi nitakutumia haraka. Waambie wenzako wakae tayari.

Wasalaam,
Abti yako

*

Garissa
18 Aprili 1966

Kwa Abti yangu Lul,

Waaleikum salaam. Afya si mbaya, mvua bado.

Kwa Kaltun sasa watu hufika kabla ya adhana ili wapate pa kukaa. Wamegawanyika. Mzee Dekow anataka jamaa za Abdow na jamaa za Kerrow wakae kikao, waapishane, wamalize. Anamdharau sana hakimu kwa kutofikiria jambo dogo kama hilo. Anasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kaltun naye, akiwa na birika mkononi, alituambia sisi ni vipofu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mtazameni huyo baba wa kambo!" Tulibishana mpaka karibu kafyu itukute nje.

Nikuambie kitu kilichonishangaza mimi mwenyewe. Nimesimama kando ya wauaji na wezi wa ngamia, nimetafsiri vilio vyao, kisha nikaenda kula chakula changu. Lakini kwa huyu Abdow asiyekuwapo duniani, nimekosa hamu ya chakula. Jana aliletwa mtu wa wizi wa mbuzi, akanyamaza. Zamani ningesema huyu ni mkaidi. Jana nilimtazama nikajiuliza, anamficha nani? Huku kwetu bunduki ziko kila pembe, ndugu wamewekwa mbali na ndugu, na bado watu wazima wanakesha na hofu juu ya mtoto wa kwenye karatasi. Subhanallah. Sijui aliyeandika kitabu hicho ana mkono wa namna gani.

Usikawie na sura inayofuata.

Abti yako,
Hared

*

Isli, Nairobi
10 Juni 1966

Kwa Abti Hared,

Asalaam aleikum. Safari hii sikuulizi hali, kwa sababu nimeambiwa.

Nilikuandikia mara mbili mwezi wa tano, kimya. Nikadhani barabara imefungwa. Jana Saado amekuja ofisini na shela lake likiwa limejaa vumbi, akakaa sakafuni, akalia kwanza ndipo akasema. Kwamba ulichukuliwa pale kwa Kaltun, barua yangu ikiwa mkononi mwako. Kwamba askari wameisoma ile habari kama ilivyoandikwa: mtoto ametekwa, vizuizi vimepitwa, yuko Balambala, nikipata zaidi nitakutumia, wenzako wakae tayari. Kwamba wamepekua kila kibanda cha mtoni wakimtafuta Issack, na vikongwe wawili wa watu wamehojiwa kutwa nzima juani. Na kwamba wanataka jina moja tu, la aliyekuandikia, na usipolitoa utapelekwa kizuizini mbali, bila kesi na bila mwisho. Saado anasema umekaa wiki tano hujalitoa.

Abti, ilipofika saa ya chakula nilikimaliza kitabu. Nilisoma nimesimama. Mwisho wake sikuandikii, utausoma mwenyewe. Nilipokifunga nilijua la kufanya, na nilikuwa sijawahi kulijua jambo kwa uhakika namna ile.

Nilimwomba Bwana Kapadia kitabu. Alivua miwani. Akaniambia, "Ukituma kitabu peke yake, watasema hakina mwenyewe. Ukituma na jina lako, mimi siwezi kulifuta tena." Nikamwambia naelewa. Akatoa ufunguo.

Sasa wewe unayeifungua barua hii kabla ya mjomba wangu, nasema nawe. Jina langu ni Lul Rage Shurie. Napiga taipu kwa wakili Kapadia, na anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Barua zote nimeziandika mimi. Issack hayupo, Abdow hayupo, Balambala hakufichwa mtu. Yote yamo katika kitabu hiki kilichofungwa pamoja na barua. Fungua ukurasa wa kwanza ulinganishe. Ukiona neno nililoongeza zaidi ya majina, njoo unichukue mimi. Mjomba wangu hana kosa ila kusoma kwa sauti.

Abti, Mungu akulinde. Nisamehe.

Abti yako,
Lul

*

Garissa
4 Julai 1966

Kwa Abti yangu Lul,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Niko nje. Nimetoka juzi. Nimepungua nyama na jino moja, mengine yako mahali pake. Usilie, jino lenyewe lilikuwa bovu.

Nikueleze ilivyokuwa. Niliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba ni kitabu. Wakasema kitabu ni fumbo la waasi, mashifta. Wakauliza, kama ni kitabu, kiko kwa nani? Hapo nilifunga mdomo. Barua yako ya kwanza, yenye jina la Bwana Kapadia, Kaltun aliitia motoni siku ile niliyochukuliwa. Siku za kwanza nilikuwa nafikiri juu yako. Baadaye, na haya sijamwambia mtu, nilikuwa nafikiri juu ya Abdow. Nilijiambia kama yeye ameweza, mimi nitaweza hadi kesho. Hivyo kesho kwa kesho.

Kitabu chako kilipofika, ofisa aliniita, akaweka barua zako upande mmoja na kitabu upande mwingine. Siku ya kwanza alilinganisha mstari kwa mstari. Siku ya pili alikuwa halinganishi tena, anasoma. Askari alimletea faili akamfukuza kwa mkono bila kuinua macho. Siku ya nne alinirudishia kitabu, akasema, "Soma ukurasa wa mwisho, mzee. Kisha nenda nyumbani."

Nilisoma nikiwa pale pale kwenye kiti cha mahojiano. Nikajua kwamba yule baba wa kambo alikuwa akimtilia mtoto sumu katika maziwa, kidogo kidogo. Kwamba Abdow alinyamaza kwa sababu angesema tu, sheria ingemrudisha mtoto mikononi mwa mlezi wake. Kaltun alikuwa na haki. Kisha nikafika pale hukumu inapokaribia kusomwa, na mlango wa mahakama unafunguliwa, na mtoto anaingia peke yake, miguu mitupu, hakuitwa na mtu, anasimama mbele ya wote na kutaja jina lake kamili.

Nilifunga kitabu. Abti, nimetafsiri viapo vya watu karibu miaka ishirini, na sijamwona hata mmoja aliyejitaja kabla ya kuulizwa. Wewe umefanya hivyo ukiwa mbali, ukiwa salama, ukiwa na njia ya kukaa kimya. Nimekubeba mgongoni mimi. Sikujua nambeba nani. Nilijiinamia pale kwenye kiti nikalia mbele ya yule ofisa, wala sikuona haya.

Sasa lililobaki ni zito, nami sitakuficha. Mahakamani wamenifuta kazi. Hilo tuliache. Lakini ofisa aliniambia jina lako limekwisha kupelekwa Nairobi, na wakubwa wa huko hawajasoma kitabu, wamesoma barua. Wamekuita siku ya Alhamisi tarehe 14. Wanataka kujua kwa nini majina yalibadilishwa, na nani aliyeagiza. Bwana Kapadia asikuache hata hatua moja.

Nami nimeomba kibali cha msafara wa Jumatatu, nimekipata. Kitabu ninacho kwenye kanzu. Niliyeagiza majina ni mimi, niliyeagiza Balambala ni mimi, na nitawaambia hivyo kabla hawajafungua faili. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya wakubwa nikisema maneno ya watu wengine. Alhamisi nitasema yangu.

Abti yako,
Hared Gedi Warsame