Benchi la Nyuma Kisiba

Dodoma, 9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ugonile, umeamkaje? Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi? Sisi hatujambo, ila vumbi la huku tu.

Mama, nimejawa na furaha. Baba mkubwa Ambilikile amenipigia simu. Kikao cha ukoo kimenipa shamba la marehemu Baba mdogo Lazaro, lile lenye migomba mpaka barabarani. Nitakujengea hapo nyumba ya matofali ya kuchoma, utoke kwenye hiyo inayovuja. Juni nakuja na fundi. Nenda ukalitazame, uniambie unataka mlango uelekee wapi.

Mwanao, Hosea

Kisiba, 24 Machi 2025

Mwanangu Hosea,

Marahaba. Magoti yananisumbua lakini kanisani nafika. Wajukuu wangu wazima? Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu hapa inasikilizwa na nyumba nzima.

Nilienda shambani. Nilimkuta mama yako mdogo Tulia, mke wa marehemu, anapalilia kando ya kaburi la mumewe. Najua hukuambiwa kwamba bado yupo. Ukoo unamtaka arudi kwao Kiwira na binti zake, eti kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume. Alipokataa, baba yako mkubwa akautumia uzee wake wa kanisa. Aliwashawishi wenzake wamtenge Tulia, asishiriki Meza ya Bwana, kwa kuwa ni mgomvi. Mchungaji wetu mpya, Prisca, alikuwa safarini.

Basi ikafika Jumapili ya Meza, na Mchungaji amerudi. Unajua waliotengwa wanavyokaa benchi la nyuma, wakiwatazama wenzao wanavyokwenda mbele. Tulia alikuwa pale peke yake. Mkate na divai vilikuwa tayari chini ya kitambaa cheupe. Mchungaji hakukifunua. Alishuka na joho lake, akapita katikati yetu, akaenda kuketi na Tulia.

“Huyu tumemtenga kwa kosa la kubaki nyumbani kwake,” alisema. “Kama yeye hali, na mimi sili. Hatuwezi kumla Kristo mbele na kumfukuza mjane nyuma.”

Mwanangu, nilinyanyuka na magoti yangu haya, nikaenda nyuma. Kina mama wakanifuata, halafu kwaya. Baba yako mkubwa alibaki mbele na wazee wenzake. Upendo nimehubiriwa tangu utoto, ila siku hiyo niliuona unatembea. Nampenda yule mwanamke, jamani.

Tulia amerudishwa mezani. Shamba ndilo bado. Ukoo unasema limeshakuwa la Hosea, kwa hiyo wa kulikataa ni wewe tu.

Mama yako, Esnath

Dodoma, 6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama.

Barua yako imeniuma. Baba mkubwa anasema umemwaibisha mbele za watu. Mchungaji ni mgeni, kesho atahamishwa, sisi tutabaki na ukoo wetu. Mimi sijamfukuza mtu. Halafu umesahau nani alinisomesha Baba alipofariki? Nikilikataa shamba, nitamtazamaje? Na nyumba yenyewe ni yako wewe. Naomba ukae mbali na mambo hayo.

Hosea

Kisiba, 20 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Leo ni Pasaka, Bwana amefufuka. Mmekula vizuri?

Sijasahau aliyekusomesha, namwombea kila siku. Lakini nyumba hiyo ukiijenga sitalala ndani yake, nakwambia mapema ili usipoteze matofali. Mchungaji amempeleka Tulia kwenye baraza la kata, na kina mama tumewasindikiza, wengine wamejitwika ndizi za kupika huko huko. Baba yako mkubwa alipougua tumbo, Mchungaji huyo huyo alikwenda kumwogeshea wagonjwa anaowauguza nyumbani kwake na kumpikia uji. Nilimwambia Mchungaji kwamba nimekukasirikia. Akanikataza. Akasema nikuombee tu.

Mama yako

Dodoma, 15 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Magoti je?

Nilikaa na fundi tuchore nyumba. Akauliza kuna nini kwenye kiwanja. Nikataja migomba, nikataja kaburi la Baba mdogo. Akauliza, kaburi analitunza nani? Nikamjibu, mke wake. Akauliza, sasa yeye atapitia wapi? Fundi wa watu alitaka tu kujua pa kuweka njia. Nikamwambia aende, tutaonana.

Nimempigia Baba mkubwa. Nimemshukuru kwa yote aliyonifanyia, nikamwambia shamba silichukui, na hata akipewa mwingine nitakuja kusimama upande wa Mama mdogo. Alikata simu. Nimelia, Mama. Nakuja wiki ijayo kuyasema hayo mbele ya ukoo, bila fundi.

Mwanao, Hosea

Kisiba, 6 Julai 2025

Mwanangu Hosea,

Umefika salama? Huku baridi imekaza, lakini mimi mzima.

Tangu uliposimama mbele ya ukoo, baba yako mkubwa hajanisalimia. Nampa muda. Tulia amebaki kwake, baraza limeandika hivyo. Mchungaji nilipomsimulia ulivyosema, alikaa chini akalia kama mtoto. Ndaga fijo, baba, asante sana.

Mvua ikinyesha bado nahamisha kitanda. Nyumba utanijengea Mungu akipenda, na asipopenda nitakaa hapa hapa. Nilikuwa naogopa kumpoteza mwanangu, na sikumpoteza.

Mama yako, Esnath