Mume Wangu Amewalisha Bata Chakula Changu Mwaka na Miezi Miwili

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pokea salamu za mama yako. Naomba unishike mkono kabla sijaanguka, maana yaliyonikuta Jumanne ya wiki iliyopita sijawahi kuyasoma hata kwenye safu yako hii, na mimi naisoma kila wiki, gazeti linatufikia huku shamba limechelewa siku mbili na mara nyingine limefungiwa misumari, lakini nalinyoosha juu ya paja na kulisoma mpaka matangazo ya vifo.

Kwanza unijue. Mimi ni mpishi mstaafu wa shule ya bweni, miaka ishirini na minane nimepika, watoto mia sita asubuhi, mchana na jioni, na sijawahi kuunguza chungu. Shule yangu mwenyewe niliishia darasa la saba, lakini mikono hii imelisha mahakimu, marubani na mbunge mmoja ambaye alikuwa akirudia foleni mara mbili akidhani simwoni. Na binti yangu niliyemzaa mimi mwenyewe ni daktari, si wa kusomea nusu nusu, ni daktari wa hospitali kubwa, ana chumba chake chenye jina lake mlangoni na watu wanasimama akipita. Huku hakuna anayeniita jina langu, naitwa Mama Daktari, na mume wangu ni Baba Daktari, ingawa yeye alikuwa fundi saa, mtu mpole, wa kuzungumza maneno matano kwa siku na mawili yakiwa ni asante.

Nilipostaafu mwalimu mkuu alinikabidhi sufuria langu lile lile kubwa la jikoni, wameliandika miaka yangu ubavuni kwa msumari, na mwiko wake ambao ukiusimamisha unanifika kifuani. Watu walilia siku hiyo. Tukahamia huku, nyumba amejenga Daktari, ina vigae, na maisha ya kustaafu mshauri usiyasikie tu, ni matamu. Unaamka jua limeshakukuta, hakuna kengele, unakunywa chai kwenye benchi la barazani mpaka ipoe ndani ya kikombe na hakuna anayekukemea, unaangalia nani anapita barabarani na kafunga nini kwenye baiskeli, unaanika mashuka na kusimama tu kuyatazama yanavyojaa upepo. Mume wangu akawa na radio yake na bustani ya nyanya. Na jirani yetu wa ng'ambo ya ua ni mzee aliyekuwa tarishi wa posta, tunamwita Mzee Posta, amefiwa na mkewe, hana mtu, ana bata kumi na saba, na saa za kula utamwona amesimama pale kwenye ua na mkate mkavu mkononi anaongea na hao bata.

Sasa mimi kupika kidogo sijui, mshauri, nisikudanganye. Mkono wangu umezoea. Nikitia mchele nasikia tu mkono unasema bado, bado, na nikija kushtuka sufuria limejaa. Na sheria yangu tangu shuleni ni moja, sahani ikirudi na chakula mpishi ameshindwa. Basi saa sita na nusu nagonga mfuniko kwa mwiko mara tatu, ndivyo nilivyokuwa nikiwaita wanafunzi, mume wangu anakuja, anachukua sahani yake imepanda kama kichuguu, anasema asante mama, anakwenda kulia kwenye benchi la nyuma karibu na ua. Anasema apate hewa. Sahani inarudi nyeupe. Kila siku! Mwaka na miezi miwili sijaona punje. Nikawa natamba kwenye kikundi chetu cha akina mama wastaafu, nawaambia nyie waume zenu wanadokoa dokoa kama kuku wagonjwa, wangu miaka arobaini na moja ya ndoa anamaliza na kuupangusa mchuzi, na simwoni kunenepa, mwili umemtulia kama kijana. Kumbe.

Jumanne alikwenda dukani kutafuta betri ya radio akachelewa. Mimi nikagonga mfuniko, mara tatu. Kimya. Nikagonga tena. Mara nasikia vishindo vya miguu midogo midogo, kugeuka, bata wa Mzee Posta wanapita kwenye tundu la ua, mmoja, wawili, watatu, wote kumi na saba, wamenona hao, matumbo yanaburuta chini, wamekuja mpaka mlango wa jiko langu na kujipanga mstari. Mshauri, mstari! Kama kidato cha kwanza. Nikacheka peke yangu, nikasema loo, hata ndege wanamtambua mtu mwema.

Mzee Posta akaja mbio nyuma yao na mkate wake. Akasema, "Shemeji, leo unawapa mwenyewe? Mzee yuko wapi?"

Nikamwuliza, "Nawapa nini?"

"Chakula chao."

"Chakula chao kipi?"

Akanitazama. Yule mzee si mwongo, uongo hauwezi, alibeba barua za watu miaka thelathini bila kufungua hata moja. Akasema polepole, "Shemeji, mimi nilijua unajua. Kile anachokuja nacho kwenye kopo la rangi. Tena nilikuwa nataka nikushukuru siku nyingi, hata Daktari alipokuja likizo aliwaona akasema, hawa bata wanaishi kuliko sisi."

Kopo la rangi! Kopo ambalo naliona kila siku chini ya benchi, limefunikwa, ananiambia ni la kumwagilia nyanya. Na mimi nimekuwa nikijiuliza hizi nyanya zinamwagiliwa mara mbili kwa siku mbona zinakufa kwa kiu. Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Bata mmoja akaja akadonoa kanga yangu, anadai haki yake.

Mume wangu akarudi akatukuta hivyo, mimi chini, Mzee Posta kichwa kimeinama, bata kwenye foleni. Akaelewa. Akasema, "Mama Daktari, inuka ukae vizuri nikueleze."

Nikamwambia, "Nielezwe nini? Bata wameshanieleza!"

Akasema, "Nilijaribu. Tulipohamia tu nilikwambia nimeshiba, ukaniuliza ni mwanamke gani kanipikia njiani. Kesho yake nikasema nipunguzie, ukalia mpaka jioni. Nikaona bora amani."

Mshauri, ni kweli niliyasema hayo. Lakini niliyasema kama mke tu anavyosema.

Nikampigia Daktari simu nimshitakie baba yake, na hapo ndipo nilipochomwa kisu cha pili. Akasema, "Mama, baba ana sukari. Nilimpima mwaka jana. Mimi ndiye niliyemwambia apunguze wali, na yeye akaniapisha nisikwambie, alisema ukijua utajiona wewe ndiye uliyemwua kwa mwiko."

Sukari, nyumbani kwangu! Mimi Mama Daktari, ambaye kina mama wote huku wananiuliza mimi kwanza kabla ya kwenda zahanati, na mimi nawajibu kwa kujiamini, ugonjwa uko kitandani kwangu na wanaoujua ni binti yangu, mume wangu, na bata!

Tangu siku ile sijawasha jiko. Sufuria nimelipindua uani, bata wanakuja saa sita na nusu wanalizunguka na kuniangalia. Mume wangu anajipikia. Juzi nilichungulia dirishani, amechukua kikombe kidogo cha chai, akapima mchele nusu, nyanya moja, basi, akawa anapika na huku anapiga mluzi. Anapiga mluzi, mshauri! Miaka arobaini na moja sijawahi kumsikia mume wangu akipiga mluzi jikoni kwangu. Hilo limeniuma kuliko bata.

Nimefunga begi. Daktari anakuja na gari mwisho wa mwezi, ameniambia, mama kama umechoka njoo ukae na mimi, ana nyumba kubwa na jiko la kisasa ambalo hata halina moshi. Nimwache huyu mzee na kikombe chake cha chai apige mluzi vizuri? Au nibaki kwenye nyumba ambayo chakula changu kimedharauliwa kuliko pumba? Nijibu haraka, nakuomba, sili wala silali.

Ni mimi mpishi mstaafu,
Mama Daktari

*

Mama Daktari,

Shikamoo, umenizidi kidogo tu. Fungua begi hilo. Usilitoe nguo bado, lifungue tu, upumue, tuzungumze.

Pole. Najua kilichokuuma. Mtu aliyepikia watoto mia sita kwa miaka ishirini na minane hakuwa anapika wali tu, alikuwa anasema "nakupenda" mara mia sita kwa zamu, na sasa umegundua kwamba mtu mmoja uliyebaki naye alikuwa akilimwaga neno hilo kwenye kopo la rangi. Ungekuwa si binadamu kama usingekaa chini pale kizingitini.

Na Baba Daktari nisimwache. Msomee hapa kwa sauti: Mzee, ulikosea. Amani inayokwenda nyuma ya nyumba na kopo si amani, ni woga. Mwenye sukari hamfichi anayeshika chumvi na mafuta ya nyumba. Naye Daktari, pamoja na mlango wake wenye jina, alitunza siri ya mgonjwa akamsahau mpishi wa mgonjwa.

Sasa zamu yako, na usininunie. Umeniandikia kwamba mumeo alisema nimeshiba ukamtafutia mwanamke. Alisema nipunguzie ukalia mpaka jioni. Sasa ulitaka aseme nini tena, na maneno yake ni matano kwa siku? Wewe ndiye uliyefunga mlango, yeye akapitia tundu la ua. Tena alikuwa anaumwa, mama, na kilichokutia fahari ni weupe wa sahani. Mwanafunzi akila asipomaliza unamkemea, sawa, ni mtoto na kesho ana mtihani. Huyu si mwanafunzi. Yeye naye amestaafu. Raha ya kustaafu uliyonieleza, ya chai kupoa kikombeni bila mtu kukukemea, wewe umeipata. Yeye bado anagongewa mfuniko.

Kwa hiyo huendi popote. Kwa Daktari utakaa siku nne, ya tano utampikia wali wa wodi nzima, na mjini hakuna bata wa kukuokoa. Gari likija mwisho wa mwezi, mshushe binti yako, mkalishe jikoni na baba yake mbele yako, akuoneshe kwa kikombe na kwa sahani mzee ale nini, kiasi gani, na saa ngapi. Uandike ubandike ukutani. Kina mama wa kikundi wakija kukuuliza, waambie ukweli: "Mume wangu ana sukari na mimi sikujua." Utaona wangapi watakwenda kuwapima waume zao wiki hiyo hiyo. Huko ndiko kuwa Mama Daktari. Kisha nunua sufuria dogo ambalo mwiko wako mrefu ukiusimamisha ndani linaanguka. Mkono ukisema bado, bado, uambie mkono umestaafu.

Sufuria kubwa usiliuze wala usilipindue. Kuna jambo umeliandika ukalipita mbio, mimi nimelisimamia. Umesema Mzee Posta amefiwa, hana mtu, na saa za kula anasimama kwenye ua na mkate mkavu. Mama, soma tena. Mwaka na miezi miwili chakula chako kimepita mbele ya mtu mwenye njaa kikaenda kwa bata, na hakuna kati yenu watatu aliyesema karibu! Nyinyi watu wazima mna aibu gani hiyo? Jumapili moja ligeuze sufuria, mkaribishe yeye na kila aliyebaki peke yake kwenye barabara hiyo, ugonge mfuniko mpaka mkono uchoke. Bata wakija, wawe wa mwisho kwenye foleni.

Limebaki la mluzi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimejua cheo cha binti yako, idadi ya bata, urefu wa mwiko, mpaka kitabia cha mbunge alipokuwa mtoto. Nimetafuta mahali ulipoandika chakula anachokipenda mume wako. Hapana. Miaka arobaini na moja, hapana.

Leo saa sita na nusu nenda jikoni, kaa kwenye kigoda, umwangalie anavyopika na kikombe chake. Usisaidie. Akimaliza, mwombe nusu ya sahani hiyo, ule. Halafu mwulize anapenda nini. Ila kabla hujauliza, mama, mwiko uwe umeuacha nje.

Mshauri wako