Kitasa cha Mlango wa Mama

Jumanne, Mwika

Nimeking'oa kile kitasa cha bluetooth kwa mikono yangu, na sasa sijui nitamlinda Mama kwa kitu gani.

Nilikifunga kwa sababu siku hizi anasahau njia. Mara mbili tumemkuta kwenye migomba ya watu, analia. Nikakiunganisha na kifaa kidogo cha intaneti sebuleni ili nikiwa kazini Moshi mjini nifunge na kufungua kwa simu. Leo mchana umeme ulikatika, kifaa kikazimika. Jirani yetu, Mama Eliya, akanipigia.

"Mama yako anagonga mlango anataka kutoka. Fungua!"

Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Simu ikasema kitasa hakipatikani. Ufunguo wa akiba nilikuwa nao mimi, mfukoni. Ikabidi nimwambie Mama Eliya avunje dirisha amtoe.

Nilipofika, Mama alikuwa ameketi barazani, mkono aliokatwa na kioo umefungwa kanga yenye damu.

"Shikamoo, Mama."

Aliniangalia, kisha akauliza taratibu, "Nilikukosea nini, mwanangu, hadi unifungie?"

Nikachukua bisibisi, nikaking'oa kitasa. Kesho alfajiri natakiwa kazini, na mlango wake hauna kitasa.