Sikumpigia Baba Mkubwa Kelele

Jumamosi, Mtendeni

Basi, Salimu ndiye anayekwenda Dar es Salaam kwenye timu ya taifa ya vijana. Mimi nabaki.

Kwenye mechi ya majaribio leo, mpira niliomrushia uligusa gongo lake la kupigia ukadakwa kabla ya kugusa chini; hapo alipaswa kutoka. Tulisikia wote. Lakini kwenye kriketi mwamuzi hamtoi mtu mpaka sisi tupaze sauti kumwuliza, na mwamuzi alikuwa baba mkubwa, balozi wetu wa nyumba kumi. Nimpigie kelele mbele za watu? Wenzangu wakanitazama. Nikanyamaza. Salimu akaendelea kupiga, na wachaguzi wa timu wakamtazama yeye tu.

Jioni baba mkubwa akaja nyumbani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Ule mpira niliusikia," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Nikammiminia kahawa. Yeye kwanza, kama kawaida.