Kamba za Inchi Mia na Ishirini

Dada Aganetha,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U hali gani, na lile bega limepoa? Sisi tunaendelea. Mto umeganda hadi darajani, na kabichi za supu mwaka huu ni tele.

Mwanao Marlena, uliyeniachia nikae naye, bado anatembelea magongo, lakini anakula. Jana alinitania: "Mama mdogo, nifungie viatu vya kanisani, ila usinizungushie kamba hadi shingoni!" Nikacheka naye, kisha nikaenda jikoni kulia.

Dada, zile kamba za viatu vya kuteleza barafuni ulizileta wewe. Nilikwambia ni za wanaume, inchi mia na ishirini, mtoto zinamtosha inchi tisini. Nikataka kuzikata, ukasema, "Ukizikata zitafumuka. Mzungushie kwenye kifundo cha mguu mara mbili, kama baba alivyotufunga sisi." Nikatii, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Zikalegea, ncha ikaingia chini ya chuma cha kiatu, mtoto akaanguka akavunjika goti.

Pale hospitalini Bi Reimer, msimamizi wa walimu wa watoto kanisani, aliponiuliza mbele za watu, "Tina, hata kufunga kamba kumekushinda?" ulikuwa umesimama kando yangu. Ukatazama dirishani. Sasa wameniondoa kufundisha watoto kanisani. Nimekusamehe, maana Bwana ameagiza, lakini kila nikipiga magoti nakisikia kile kimya chako.

Mwandikie Bi Reimer mistari miwili tu ya kweli. Nami tafadhali nijibu kabla ya Jumapili.

Mdogo wako,
Tina